Ni taarifa, si kibali
Vijiweni Kirumba, Mwanza, bado utasikia: ukitaka kuhutubia watu viwanja vya Furahisha, kaombe kibali polisi. Sivyo. Sharti la kibali lilifutwa na Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu mwaka 1994, katika shauri la mwanasiasa Mchungaji Christopher Mtikila.

Sheria inadai taarifa ya maandishi kwa afisa wa polisi msimamizi wa eneo, angalau saa 48 kabla, ikitaja mahali, saa na madhumuni. Andika "natoa taarifa". Ukianza na "naomba", umejifunga mwenyewe. Baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Polisi wanaweza kuzuia kwa sababu za amani au usalama (na hapo ndipo ugomvi wote ulipo), ila ukimya wao si katazo. Ukizuiwa, rufaa huenda kwa Waziri wa Mambo ya Ndani.