Maji Yaliyoingia Mjini: Ni Mgeni au Yamehamia?

Katika mabaraza ya wananchi kule Mwariki, mtaa wa Nakuru uliovamiwa na maji ya ziwa, sisi maafisa wa mipango ya miji huulizwa swali moja: mtatujengea tena lini? Kabla ya kujibu, mimi hutaka kujua kwanza kama maji hayo ni mgeni au yamehamia.

Kimbunga Katrina kilipopiga New Orleans, Marekani, tarehe 29 Agosti 2005, takriban asilimia 80 ya jiji ilifunikwa na maji. Wapo waliosema lisijengwe tena, maana sehemu kubwa iko chini ya usawa wa bahari na inazidi kudidimia. Lakini mtaa wa kale wa French Quarter, ulio mwinukoni kando ya mto Mississippi, kwa sehemu kubwa ulinusurika. Waliouanzisha walijua pa kukanyaga. Mitaa mingi ilizama kwa sababu kuta za mifereji zilibomoka, na wahandisi wa jeshi walikiri mwaka uliofuata kwamba usanifu wake ulikuwa na kasoro. Maji yenyewe yalikuwa mgeni: yalivutwa kwa pampu, Oktoba yakawa yameisha. Baadaye zaidi ya dola bilioni 14 zilitumika kwa kuta, malango na pampu, na kimbunga Ida kilipofika 29 Agosti 2021, kuta za jiji zilisimama imara.

Kilichowaumiza watu zaidi kilitoka mezani. Januari 2006 ilichapishwa ramani yenye nukta za kijani juu ya mitaa iliyopendekezwa kugeuzwa bustani. Kitaalamu haikuwa upuuzi. Ila wenyeji, wengi wakiwa bado walikokimbilia, walijiona wamefutwa. Waliwaka, na pendekezo likafa. Kisha ruzuku ya ujenzi ikafuata thamani ya nyumba kabla ya mafuriko au gharama ya ukarabati, yoyote iliyo ndogo. Saruji haina bei ya maskini, lakini nyumba ya mtaa wa maskini ilithaminiwa kidogo, na mwenyewe akapewa kidogo.

Sasa turudi kwetu. Budalang'i, magharibi mwa Kenya, mto Nzoia ukifurika, watu huhamia juu ya tuta au shuleni, kisha hurudi, kwa kuwa tope lilelile ndilo rutuba ya shamba. Huko imarisheni matuta na mwinue misingi, msiwafukuze watu.

Ziwa Nakuru ni jambo jingine. Mito ya Njoro, Makalia na Nderit huingia, hakuna mto unaotoka. Limepanda kwa miaka mingi sasa, hata likameza lango kuu la hifadhi. Ukivuta maji kwa pampu, utayapeleka wapi? Mgeni huyu tulishampa jembe, akalima, akajenga. Kwa maoni yangu, sehemu ya Mwariki iliyozama isijengwe tena. Lakini fidia itangulie ramani, na imfikie hata aliyenunua ploti kwa karatasi ya makubaliano tu.

Kisumu iko katikati ya hali hizo mbili. Ziwa Victoria lina njia ya kutokea, Jinja nchini Uganda, ila ni nyembamba: mvua kubwa zilizoitwa mvua za uhuru zililiinua zaidi ya mita 2 kati ya 1961 na 1964, na kushuka kukachukua miongo. Mei 2020 lilirudi kwenye alama ile ya 1964. Kwa hiyo kabla ya kumwaga msingi Dunga au Nyalenda, mtafute mzee akuonyeshe maji ya mwaka 1964 yalikofika. Akinyoosha kidole mahali palipo juu kuliko kiwanja chako, mwambie fundi aweke mwiko chini.