Kufoka si Kutukana
Wiki hii nimeletewa tena mezani sentensi ileile: "Mwalimu alimfoka mwanafunzi." Nilipomwuliza mwandishi mwalimu alisema nini, akanijibu kwamba alitukana, maana kufoka ndiko kutukana. Nimelisahihisha jambo hili mara nyingi mno katika kazi ya kamusi.

Uji ukiachwa juu ya moto mkali bila mwiko, hufoka: hupanda, hupita ukingo na kumwagikia mafiga. Mtu naye hufoka vivyo hivyo kwa sauti. Neno hili, basi, hueleza namna maneno yanavyotoka, wala haliyataji maneno yenyewe. Mama anaweza kufoka asubuhi nzima kwa sababu ya ndoo iliyoachwa mlangoni, asitamke tusi hata moja. Na mwingine akakutukana kwa sauti ya chini, akitabasamu, tena kwa ufasaha wa kukutia wivu.

Kinachonikera zaidi ni hiyo "alimfoka". Chungu hakimfoki mtu. Foka haichukui mtendwa, na anayeelekezewa hasira huletwa na kauli ya kutendea: alimfokea, akafokewa. Tukana haihitaji msaada huo: alimtukana, basi. Kifungu cha 89 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinataja lugha ya matusi, na mkalimani anayesema "alitukana" pale shahidi aliposema "alifoka" amembebesha mshtakiwa kosa ambalo shahidi hakulitaja. Hamaki, neno jingine la hasira, naipita upesi: mzizi wake wa Kiarabu ni wa upumbavu, nayo hutaja hali ya moyo, si usemi.

Wapo wanaonitolea hoja ya muziki wa kufokafoka, kama rapu ilivyoitwa Tanzania kabla ya jina la Bongo Fleva kuenea, wakidai uliitwa hivyo kwa matusi yake. Kitenzi kikirudufiwa huonyesha mfululizo, kama pigapiga na katakata. Maneno yalibubujika bila kituo, nao wazee wakaliona povu.

Nakiri jambo moja. Maana ya uji tukiipa namba 1 na ya hasira namba 2, msomaji hudhani ya kwanza ndiyo kongwe, ilhali mpangilio huo ni uamuzi wa wahariri, si ushahidi wa historia. Hata mimi nimeanza na uji kwa sababu tu unaeleweka upesi. Jirani zake katika kamusi hawanisaidii: mto hufurika, mtu hufura, na uso uliopigwa hufura pia bila hasira yoyote.