Lami ya moto ni nini, na kwa nini hufia chini kabla ya kufia juu

Lami ya moto ni mchanganyiko wa kokoto, vumbi la mawe na bitumini uliopikwa kiwandani, ukasafirishwa ungali moto, ukatandazwa na kushindiliwa kabla haujapoa. Kwa uzito, takriban asilimia 95 ni mawe na asilimia 5 ni bitumini, ile nyeusi nzito inayobaki mafuta ghafi yanaposafishwa. Mawe ndiyo yanayobeba gari. Bitumini huyashika yasitawanyike na huzuia maji kupita.

Ukiagiza "lami" tu bila kufafanua, unaweza kuletewa kitu kingine kabisa. Kuna lami ya kunyunyiza: bitumini humwagwa juu ya msingi, kokoto zikatandazwa juu yake na kushindiliwa. Ni nafuu, na kwenye barabara iliyonyooka hufanya kazi nzuri. Ila uwanja wa nyumba ni mahali pa kukata kona, na tairi linalogeuzwa gari likiwa limesimama hung'oa kokoto moja baada ya nyingine. Kuna pia lami baridi ya magunia, ambayo ni ya kuziba mashimo, si ya kufunika uwanja. Kwenye mkataba yaandikwe maneno "lami ya moto", unene wake baada ya kushindiliwa, na ukubwa wa kokoto iliyo kubwa kuliko zote.

Sasa tushuke chini, maana huko ndiko pesa inakopotea. Milimita 50 za lami haziwezi kufunika aibu ya udongo mbovu. Uzito wa tairi hupita kwenye lami, ukasambaa ndani ya msingi, ukaishia kwenye udongo asilia; udongo ukibonyea, lami iliyo juu hupinda, na ikipinda mara nyingi hupasuka. Mwongozo wa Tanzania wa usanifu wa tabaka za barabara wa mwaka 1999 huugawa udongo asilia katika madaraja ya S3, S7 na S15 kufuata kipimo cha nguvu kiitwacho CBR. Wenye S15 na zaidi ni mzuri. Wenye S3 unahitaji tabaka za ziada za kifusi bora kabla hata hujafikiria msingi. Udongo mweusi wa mfinyanzi kama ule wa Athi River na Kitengela nchini Kenya ni kisa cha peke yake: huvimba ukilowa, husinyaa ukikauka, na hakuna lami inayovumilia hali hiyo. Huchimbwa, hutolewa, na mahali pake hujazwa kifusi.

Kwa nyumba yenye udongo wa wastani, msingi wa milimita 150 wa kokoto zilizosagwa, zenye mchanganyiko wa saizi kuanzia 37.5 mm hadi vumbi, unatosha kwa magari madogo. Lakini swali la kujiuliza ni gari gani zito litakaloingia. Katika miji yetu gari hilo ni boza la maji au gari la kunyonya majitaka. Majaribio makubwa ya barabara yaliyofanyika Ottawa, Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kuwa madhara ya ekseli hupanda takriban kwa uzito wake ukizidishwa wenyewe mara nne. Ekseli ya gari dogo hubeba kama tani 0.8. Ya nyuma ya boza la lita 10,000 hubeba tani 8 na zaidi. Uzito ni mara kumi, madhara ni kama mara elfu kumi. Kwa hiyo boza likija hata mara moja kwa mwezi, usisanifu kwa ajili ya gari la familia: weka msingi wa milimita 200 hadi 250 kwenye njia yake. Kwenye maegesho ya biashara, njia ya malori ya mizigo na ya gari la taka ipewe msingi mnene zaidi na lami ya tabaka mbili, jumla milimita 80 hadi 100, hata kama sehemu za kuegesha zina milimita 50.

Msingi hushindiliwa kwa tabaka zisizozidi milimita 150, ukiwa na unyevu wa kutosha. Kwa mkono: ukiufinya ushikamane bila kulowesha kiganja. Ukishamalizika, pitisha tipa lililojaa mchanga taratibu sana, mtu akitembea kando akitazama matairi. Mahali panapobonyea au kunesa pachimbwe siku hiyohiyo. Jaribio hili halina gharama kubwa na ndilo ambalo wakandarasi wengi wa kazi ndogo hulikwepa.

Maji ndiyo adui wa pili. Uso uwe na mteremko wa asilimia 2, yaani sentimita 2 kwa kila mita, kuelekea mtaroni. Chini ya asilimia 1 madimbwi hayakwepeki, kwa sababu hakuna rola inayoweza kusawazisha kwa usahihi huo. Mteremko hutengenezwa kwenye msingi. Anayeahidi kuurekebisha kwa lami anakuahidi lami nyembamba upande mmoja. Pembeni ziwekwe kingo za zege zilizokaa imara, la sivyo ukingo humeguka vipande kila tairi linapoukanyaga.

Juu ya msingi uliofagiwa vumbi hunyunyizwa praimu, yaani bitumini nyepesi ya aina ya MC-30, kama lita 1 kwa mita ya mraba. Huachwa saa 24 hadi 48 ipenye na kukauka. Lami ikitandazwa juu ya praimu mbichi, huteleza na kuburutwa na rola. Kama unaweka tabaka ya pili juu ya lami iliyopo, hutumika emulsheni kidogo tu, yaani bitumini iliyochanganywa na maji, lita 0.3 hadi 0.5 kwa mita ya mraba, na husubiriwa igeuke kutoka rangi ya kahawia kuwa nyeusi.

Siku ya kumwaga lami, chombo muhimu kuliko vyote ni kipimajoto. Kwa bitumini ya daraja 60/70, inayofaa joto la pwani, mchanganyiko hutoka kiwandani ukiwa na nyuzi 150 hadi 165 za Selsiasi. Utandazwe kwenye 140 hivi, na ushindiliaji uishe kabla ya kushuka chini ya 85. Baada ya hapo rola hupasua mawe tu, haiyabani. Tabaka ya milimita 50 hukupa kama dakika 20 hadi 30. Tabaka ya milimita 25 hupoa kwa robo ya muda huo, ndiyo sababu lami nyembamba haishindiliki ipasavyo. Lori lililokwama kwenye foleni bila turubai likafika na nyuzi 110 lirudishwe, hata kama mkandarasi atanung'unika.

Unene uwe angalau mara tatu ya kokoto kubwa: kokoto ya 14 mm hutaka milimita 42 na zaidi, hivyo 50. Kabla ya rola, lami hulegea. Tandaza milimita 60 hadi 63 upate 50. Usiruhusu kurushwa mbali kwa sepetu, kwani kokoto kubwa hujitenga na kuacha matundu. Rola ya tani 2.5 hadi 3 inatosha nyumbani, ya tani 8 hadi 10 kwenye maegesho. Kompakta ya mkono ni ya pembeni na kando ya mifuniko ya chemba tu. Magurudumu ya rola hulowekwa kwa maji yenye sabuni kidogo. Dizeli, ambayo wengi huitumia, huyeyusha bitumini ileile unayoilipia.

Lengo la kazi yote hii ni matundu ya hewa yabaki kati ya asilimia 4 na 8. Yakizidi 8, maji na hewa huingia, bitumini hukauka na kokoto huanza kumeguka. Yakishuka chini ya 3, bitumini hukosa pa kwenda jua likiwaka, ikapanda juu ikang'aa na kunata.

Hesabu ya kiasi ni rahisi. Mita za mraba 100 kwa unene wa milimita 50 ni mita za ujazo 5. Zidisha kwa tani 2.35, upate 11.75, ongeza asilimia 5 ya upotevu, agiza tani 12.5. Kwa maegesho, kadiria mita za mraba 25 kwa kila gari pamoja na njia zake. Magari 40 ni mita za mraba 1,000 na, kwa unene uleule, takriban tani 123 ukiweka upotevu huohuo.

Nyufa zikitokea, zisome. Zilizofumana kama mgongo wa mamba zinasema msingi au udongo umeshindwa. Kata, chimba, jenga upya sehemu hiyo, maana kuongeza lami juu hununua miezi michache tu. Ufa mmoja ulionyooka mara nyingi ni kiungo kilichounganishwa kikiwa baridi. Huzibwa kwa bitumini kabla ya masika. Mabonde ya matairi mbele ya geti la supamaketi, wakati msingi ni mzima, mara nyingi yanatokana na mchanganyiko wenye mchanga wa mtoni mwingi mno, ambao chembe zake za mviringo huteleza badala ya kushikana.

Usiegeshe gari kwa saa 24 za kwanza, na kwa wiki mbili usigeuze usukani gari likiwa limesimama. Petroli na dizeli zikimwagika zioshwe mara moja kwa maji ya sabuni. Stendi ya pikipiki huzama kwenye lami mpya mchana wa jua. Maegesho ya bodaboda yawekewe zege au vitofali tangu mwanzo.