Je, Phillis Wheatley alitahiniwa na mabwana 18 wa Boston?

Kisa husimuliwa hivi: mwaka 1772 Phillis, msichana mtumwa wa miaka kama 19 aliyeandika mashairi, aliyeletwa Boston kutoka Afrika akiwa mtoto, anaingizwa chumbani. Mabwana 18 wamemzunguka, wanamhoji kuhusu Biblia na Kilatini wajue kama mashairi ni yake kweli. Kisa kinanoga, na wengi tulikimeza hivyohivyo. Ila hakuna barua, shajara wala gazeti la siku zile lililopatikana likitaja kikao hicho. Mwaka 2010 mtafiti Joanna Brooks alikitilia shaka waziwazi.

Kilichopo ni hati yenye majina 18 mwanzoni mwa kitabu cha mashairi cha Phillis cha 1773. Isome polepole. Inasema Phillis "ametahiniwa na baadhi ya waamuzi bora". Lini, wapi, na akina nani? Kimya. Wenye majina hawasemi waliona, wanasema wanaamini. Yumo gavana Thomas Hutchinson, yumo mfanyabiashara tajiri John Hancock, na yumo John Wheatley, bwana aliyemmiliki, ambaye sidhani alihitaji kikao ili amjue mtu wa nyumbani mwake.

Chini kuna maelezo madogo yanayopitwa kirahisi: orodha ya mashairi iliandikwa nyuma ya hati hiyohiyo. Yaani karatasi moja, mbele tamko, nyuma orodha. Inafanana na karatasi ya kutembezwa, ingawa umbo peke yake si ushahidi kamili. Chukua kadi ya mchango wa harusi: majina 18 yakijaa, huwezi kusema wenyewe walikaa meza moja. Kila mmoja huenda alifuatwa dukani au kanisani kwake.

Hati ilihitajika kwa sababu ya soko. Februari 1772 gazeti la Boston lilitangaza kwamba kitabu kitachapwa wakijiandikisha wanunuzi wa nakala 300, shilingi 4 kilichojalidiwa, 3 kilichoshonwa tu. Idadi haikutimia. Muswada ukavuka Atlantiki hadi kwa Archibald Bell, muuza vitabu wa Aldgate, London, ambako mnunuzi asingeweza kuuliza majirani wa Phillis. Bell akachapa humohumo kitabuni kwamba mwenye shaka aje dukani kwake, namba 8, aione hati halisi.

Nakala zilifika Boston mwishoni mwa Novemba 1773 ndani ya meli Dartmouth, ileile iliyobeba chai iliyomwagwa bandarini Desemba 16 na wenyeji waliopinga kodi ya Uingereza. Vitabu vilinusurika.