Msuguano Maabarani: Tunayoyaamini na Inavyosoma Mizani

Vifaa vya kuonyesha msuguano ni vichache na vya bei nafuu: kipande cha mbao chenye ndoano upande mmoja, ubao mrefu, mizani ya springi na mawe ya uzani. Fundi seremala yeyote wa Ngamiani, mjini Tanga, anaweza kukuchongea hivyo viwili vya mbao. Shida ni kwamba vikitumiwa kiholela, mwanafunzi wa Tanga anatoka maabarani na makosa yale yale aliyoingia nayo.

Kosa linaloniuma zaidi ni kudhani kuwa msuguano tuli, yaani ule wa kitu ambacho hakijaanza kuteleza, una kiasi kimoja, kilichopangwa tangu mwanzo. Weka kipande cha gramu 500 juu ya ubao, nasa mizani, vuta taratibu. Sindano itasogea hadi nusu nyutoni (kipimo cha nguvu), kisha moja, kisha moja na nusu, na kipande hakijatikisika. Katika kila hatua msuguano unalingana na mvuto wa mkono wako, hauzidi wala haupungui. Ukiacha kuvuta, nao unakwisha. Una ukomo tu, na kwa mbao juu ya mbao ukomo huo unaweza kuwa karibu nyutoni 2. Hapo kipande kinachomoka ghafla na sindano inarudi nyuma, pengine hadi 1.5. Huko kurudi nyuma ndiko tofauti kati ya msuguano tuli na msuguano wa mwendo, na hutokea kufumba na kufumbua. Kwa hiyo wanafunzi wawe wawili: mmoja avute, mwenzake asiondoe macho kwenye sindano.

Wengi pia huamini kwamba msuguano wa mwendo haupimiki bila kuvuta kipande kwa kasi isiyobadilika. Kwa mpangilio wa kawaida ni kweli, maana kipande kikiongeza kasi mizani inasoma zaidi ya msuguano. Lakini mkono wa nani unaweza kuvuta hivyo? Geuza kazi. Funga mizani kwenye msumari imara, nasa kipande, kisha vuta ubao ulio chini yake. Kipande kinabaki palepale, na mizani inakusomea msuguano wenyewe hata kama ubao hauendi kwa kasi moja. Hakikisha tu uzi uko sambamba na ubao, kwani ukielekea juu unakipunguzia kipande mgandamizo na namba inakuwa ndogo kuliko inavyostahili. Natamani kila maabara ianze na mpangilio huu.

Kosa jingine la wanafunzi: “Kitu chenye eneo kubwa la kugusana kina msuguano mkubwa.” Laza kipande kwa ubavu wake mpana, pima, kisha kisimamishe kwa ubavu mwembamba. Kama pande zote zimepigwa randa sawasawa, namba hazitatofautiana sana. Guillaume Amontons wa Ufaransa aliliandika jambo hili mwaka 1699. Charles-Augustin de Coulomb alilipima upya katika karakana za meli za Rochefort, kazi iliyompa tuzo mwaka 1781. Sababu ni kwamba nyuso mbili hugusana kwenye vincha vidogo vidogo tu, na kinachoongeza mgusano huo ni mgandamizo. Coulomb aligundua pia kwamba mbao zilizotulia kwa muda hushikana zaidi, kwa hiyo kila jaribio lipe muda uleule wa kutulia, tuseme sekunde 30.

Kuhusu mteremko, wanafunzi husema kizito kitaanza kuteleza mapema. Hapana. Uzito unaokivuta chini ndio huohuo unaokibana kwenye ubao. Inua ubao polepole mpaka kipande kianze kuteleza, pima kimo na kitako: kimo cha sentimita 40 kwa kitako cha 100 kinakupa uwiano wa 0.4. Ongeza mawe juu ya kipande na pembe itakuwa ileile, au karibu sana.

Ulaini kupunguza msuguano nako kuna mpaka: vipande viwili vya kioo kisafi vinaweza kushikana kwa nguvu kuliko mbao. Na kwa unyevu wa pwani yetu, futa nyuso kwa kitambaa kikavu kabla ya kila kipimo.

Kosa la mwisho ni kudhani kwamba msuguano hupinga mwendo siku zote. Unachopinga ni kuteleza kwa nyuso mbili. Gurudumu la nyuma la baiskeli husukuma barabara kuelekea nyuma, na msuguano tuli unaisukuma baiskeli mbele. Ukikaza breki hadi gurudumu likwame, tairi linaanza kuserereka, na hapo unabaki na msuguano wa mwendo, ambao ni mdogo. Maabarani, panga penseli za mviringo mezani, laza kadibodi juu yake, kisha weka juu ya kadibodi kigari cha kujaza ufunguo. Kiachie: kigari kinakwenda mbele, kadibodi inakimbilia nyuma.