Asilimia 80 ya nini?

Tangu watu waanze kusoma hali ya hewa kwenye simu, kuna sentensi moja inayozunguka Tanga: "Leo hewa ina maji asilimia 80." Inasemwa kwenye baraza za kahawa Ngamiani, mafundi AC wanaisema, na siku hizi wanaisema hata wauzaji wa hyumidifaya, zile mashine za mezani za kuongeza unyevu hewani, zinazotoa kama moshi mweupe na taa za rangi. Hewa ingekuwa na maji asilimia 80, sokoni tungekwenda kwa kuogelea. Hata siku ya fukuto kali kabisa hapa Tanga, mvuke wa maji haufiki asilimia 4 ya hewa tunayovuta.

Asilimia ya unyevunyevu ni hii: mvuke uliopo hewani, ugawanywe kwa mvuke wa juu kabisa unaoweza kuwapo kwenye joto lile lile, kisha mara mia. Ikifika 100, mvuke unaanza kurudi kuwa maji, ndipo unapoona umande juu ya mabati. Maana ndiyo hiyo, imeisha. Shida iko kwenye maneno "joto lile lile", ambayo kila mtu anayaruka.

Kiwango hicho cha juu hakitulii mahali pamoja. Kwa nyuzi 0 za Selsiasi, mita moja ya ujazo haipokei zaidi ya gramu 5 hivi za mvuke. Kwa nyuzi 20 inapokea gramu 17, na kwa nyuzi 30 inapokea gramu 30. (Walimu wa fizikia watanikemea kwamba hewa "haipokei" kitu, joto ndilo linaloamua. Wana haki, ila tusikwame hapo.) Sasa chukua siku ambayo alfajiri ni nyuzi 24 na simu inasema 95, halafu saa nane mchana ni nyuzi 32 na simu inasema 61. Anayesoma namba peke yake atakwambia hewa imekauka kwa theluthi nzima. Haikukauka. Ni gramu zile zile 20 na kitu. Kilichokua ni kile kinachogawanya. Na mchana huo wa 61 ndio unaokuloanisha shati mpaka mgongoni.

Upande wa pili wa jambo hilo unauona ukielekea Muheza. Upepo wa bahari unaopita juu yetu hapa ndio huo unaopanda Usambara Mashariki. Hauongezewi maji ya maana njiani, ila unapoa kadiri unavyopanda, asilimia inapanda nao, na ukifika Amani umeshakuwa ukungu. Bondeni jua linawaka, mlimani watu wamevaa sweta ndani ya wingu, na hewa ni moja.

Kinachoniudhi zaidi ni pale namba hizi zinapotumika kulinganisha miji. Ndugu yako yuko Toronto wakati wa baridi, anafungua simu, anaona nje ni 90, anakuandikia kwamba huko kuna unyevu kuliko Tanga, halafu katika ujumbe huo huo analalamika midomo inampasuka. Wote mnabaki kushangaa. Hakuna cha kushangaa. Asilimia 90 kwa nyuzi 0 ni kama gramu nne na nusu za mvuke. Hewa hiyo hiyo ikiingia ndani na kupashwa hita mpaka nyuzi 22, asilimia inaanguka mpaka kwenye ishirini na kidogo, bila mtu kuondoa hata tone. Sisi hapa tunalala na gramu 20 tukilalamika joto.

Kuna vitu vinavyoisikia asilimia na kuna vinavyozisikia gramu, na hapa ndipo mabishano mengi yangekwisha. Nywele zinaisikia asilimia. Mwaka 1783 Horace-Bénédict de Saussure wa Geneva alichapisha maelezo ya kipimo alichokitengeneza kwa unywele wa binadamu, kwa sababu unywele hurefuka asilimia ikipanda na kufupika ikishuka. Dada aliyenyoosha nywele kwa pasi asubuhi, zikaanza kujikunja kabla hajafika Chumbageni, amefanya jaribio lile lile bila kukusudia. Chumvi nayo ni hivyo hivyo. Asilimia ikipita 75 hivi, chumvi ya mezani inaanza kunyonya maji hewani, ndiyo maana kopo la chumvi Tanga linawekewa punje za mchele.

Koo na pua ni habari nyingine. Mwili una joto lake, na kila hewa unayoivuta unaipasha kuelekea nyuzi 37 kabla haijafika kifuani. Kwa hiyo koo haliulizi nje ilikuwa asilimia ngapi, linauliza imekuja na gramu ngapi, nyingine italazimika kutoa lenyewe.

Tuje kwenye AC, kwa kuwa hapo ndipo watu wetu wanapouziwa hyumidifaya. Ni kweli AC inakausha. Lile bomba linalodondosha maji nyuma ya nyumba ni mvuke wa chumbani kwako. Hewa ya nje yenye nyuzi 31 na asilimia 70 ina gramu 22. Ndani, kwa nyuzi 25 na asilimia 55, zimebaki kama 13. Zimetoka nyingi. Lakini 55 si ukavu. Ushauri unaotolewa sana kwa nyumba ni asilimia 30 mpaka 50, na usivuke 60. Chumba chako cha Raskazone tayari kiko juu kidogo, na wewe unataka kuwasha mashine ya kuongeza. Koo likikauka usiku, kwanza geuza upepo wa AC usikupige usoni, kisha osha chujio.

Mwenye haja ya kweli ni yule wa Toronto. Na hata aliyehamishiwa Dodoma anaweza kuwa nayo katika miezi mikavu, ingawa kabla ya kununua ajaribu kuning'iniza kanga mbichi chumbani usiku, ni hyumidifaya isiyotumia umeme. Akinunua, mimi ningemshauri ile yenye utambi na feni. Inapuliza mvuke mtupu, na hewa ikishatosheka inapunguza kasi yenyewe. Zile za kutikisa maji, zinazotoa ukungu, ni kimya na za bei nafuu, lakini ukungu ule ni matone na si mvuke. Ukitia maji ya kisima yenye chumvichumvi, kila kilichomo kinatua kwenye meza na mapafuni kama vumbi jeupe. Za kuchemsha hazina vumbi hilo, ila zinaunguza, na watoto ni watoto. Yoyote atakayochukua, maji yabadilishwe kila siku na tangi lisuguliwe kila siku ya tatu, kwani maji yaliyolala humo yanaota vijidudu na mashine inavirusha hewani.

Anunue na kipimo cha unyevu. Vya bei ndogo hudanganya, ila chumvi itakiumbua: weka chumvi kwenye kifuniko cha soda, idondoshee maji kidogo iwe kama tope, ifungie pamoja na kipimo ndani ya mfuko usiopitisha hewa, uache mpaka kesho. Kisome 75. Kikisoma 68, jua kinapunguza 7.

Na wewe wa huku, uliyeambiwa dukani kwamba mashine "ya unyevu" itamaliza kuvu nyuma ya kabati: wamekuonyesha ya kuongeza. Kuvu hupenda unyevu, hivyo unayoihitaji ni ya kupunguza, yenye ndoo inayojaa maji badala ya tangi la kujazwa. Kama chumba kina AC, unayo tayari ukutani. Isogeze tu kabati ukuta upate hewa, na madirisha yafungwe wakati AC inafanya kazi.