Je, wajua? Kipimo cha mawimbi ya ubongo kinaweza kumtambua mwenye wasiwasi?

Usiku wa kuamkia siku ya kipimo, tulifumua rasta za binamu yangu hadi saa nne. Tulikuwa kwake Kaptembwa, Nakuru. Alikuwa amezisuka wiki hiyo hiyo, kwa hiyo kila msuko uliofunguka aliusindikiza kwa mguno. Alikuwa amezirai mara mbili, daktari akataka afanyiwe EEG, yaani kipimo cha mawimbi ya ubongo, na EEG haitaki rasta wala mafuta ya nywele: vile visahani vidogo vya waya lazima vigusane na ngozi ya kichwa.

Kesho yake alipakwa dawa nzito kama grisi, waya zikabandikwa, na mistari ikaanza kukimbia kwenye skrini, mifupi na ya ovyo. "Fumba macho, dada," mtaalamu akamwambia. Punde mistari ya kisogoni ikavimba, ikajipanga, ikawa inapanda na kushuka kwa mpigo mmoja. "Fumbua." Ikasambaratika. Binamu akauliza, "Sasa hapo si ushaona vile mimi huwa na wasiwasi?"

Mtaalamu akacheka. Hakuwa ameona, na asingeweza.

Pita karibu na kanisa Jumapili kabla ibada haijaanza. Watu mia mbili wanaongea, lakini ukiwa barabarani unasikia mvumo tu. Wakianza wimbo mmoja, unausikia hadi stejini. Ubongo nao ndivyo ulivyo. Seli moja moja hazisikiki nje ya fuvu. Zikipiga pamoja kwa wingi ndipo waya hunasa kitu, tena kidogo sana, makumi ya sehemu za milioni za volti moja. Ule wimbo wa macho yaliyofumbwa huitwa alfa, na hupiga mara 8 hadi 13 kwa sekunde. Hans Berger, daktari wa Jena, Ujerumani, ndiye aliyenasa kwanza mawimbi ya ubongo wa binadamu mwaka 1924. Alikaa nayo miaka mitano kabla ya kuyachapisha. Kilichomsukuma, kwa kweli, ni hamu ya kujua kama mawazo yanaweza kuruka kutoka kwa mtu mmoja hadi kwa mwingine. Hilo hakulipata. Aliona lakini kwamba mtu akianza kupiga hesabu kichwani, alfa hufifia hata macho yakiwa yamefumbwa.

Hapo ndipo wazo la tabia lilipoingia. Mwaka 1967 Hans Eysenck, mwanasaikolojia wa London, alidai kwamba ubongo wa mtu mkimya umeamka zaidi tangu mwanzo, ndiyo maana anakimbia makelele, ilhali mchangamfu anayatafuta ili aamke. Ni wazo tamu. Linaeleza kwa nini mmoja anangoja matatu yenye muziki wa kupasua masikio na mwenzake anaiacha ipite. Ila waya zilipobandikwa, majibu yaligongana: wengine waliona alfa pungufu, dalili ya ubongo ulioamka, kwa wakimya, wengine wakaona kinyume, wengine hawakuona tofauti yoyote. Madai kwamba ubongo ulio nyuma ya paji la uso, upande wa kulia, hushughulika zaidi kwa watu waoga yameyumba vivyo hivyo.

Wimbi ninalolipenda mimi ni jingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, watafiti wa Ujerumani na wa Marekani waliwapa watu kazi ya kubonyeza kitufe cha kulia au kushoto haraka haraka, kazi rahisi inayokukosesha kwa sababu ya pupa. Kila mtu alipobonyeza vibaya, katikati ya kichwa, kuelekea mbele, palitokea mshtuko mdogo wa umeme ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Yaani kabla hujasema "ala!", ubongo umeshajishtaki. Kwa watu wenye wasiwasi, hasa wale wa kuwaza na kuwazua, mshtuko huo kwa kawaida huwa mkubwa zaidi. Na si kwamba wanakosea kuliko wenzao. Makosa ni yale yale. Kengele ndiyo inayolia kwa nguvu.

Lakini hata wimbi hilo halionekani kwa kosa moja. Ni lazima makosa mengi yakusanywe na kupigiwa wastani, na tofauti inaonekana kati ya kundi na kundi. Ukinionyesha mstari wa mtu mmoja nami nikuambie ni mwoga, nitakuwa nabahatisha kama mpiga ramli. Ndiyo maana ninazitilia shaka programu za simu zinazodai kukusomea tabia kwa kitambaa cha kuvaa kichwani.

Kazi ya mashine ile ya Nakuru ilikuwa nyingine, kutafuta michomo ya kifafa, yaani ncha kali za ghafla kwenye mistari. Haikuonekana, ingawa kipimo kimoja kisicho na michomo hakitoshi kukiondoa kifafa, na binamu akapewa tarehe ya kurudi. Njiani kuelekea stejini alitaka kujua jambo moja tu: kama asuke tena sasa hivi, au angoje hadi kipimo cha pili.